Watoto wa Entebbe na Kidonge cha Minyoo

Sisi tunaosoma Kampala tukienda Entebbe, mwendo wa kilomita arobaini hivi, huwa tunamsindikiza msafiri uwanja wa ndege au tunakwenda kupunga upepo ziwani. Sikujua kwamba katika mji huo, kati ya mwaka 2003 na 2005, wajawazito 2,507 walikubali kuingia katika utafiti ambao ungewafuata watoto wao kwa miaka mingi.

Kuchunguza afya ya watoto halikuwa jambo geni Uganda. Katika miaka ya 1950 Mulago ilijulikana kwa utafiti wa unyafuzi, na baadaye kikaanzishwa pale kitengo cha lishe cha Mwanamugimu, jina la Kiganda lenye maana ya mtoto mwenye siha. Lakini daktari wa wodini humpokea mtoto akiwa tayari mgonjwa. Yaliyompata tumboni mwa mama yake, daktari huyo anayakisia tu.

Utafiti wa Mama na Mtoto wa Entebbe ulianzia huko nyuma, kliniki ya wajawazito. Uliongozwa na Alison Elliott pamoja na wenzake wa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Walipopima choo na damu za akina mama, waliona kwamba asilimia 45 walikuwa na minyoo ya safura na asilimia 18 walikuwa na kichocho. Dhana yao ilikuwa hii: minyoo ya mama hupooza kinga ya mtoto, kwa hiyo mama akitibiwa, chanjo za mtoto zitafanya kazi vizuri zaidi. Basi wengine wakapewa albendazole au praziquantel, au zote mbili, na wengine vidonge visivyo na dawa. Mama hakujua amemeza kipi, wala aliyempa hakujua.

Hapa nilisita. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kupendekeza kwamba mjamzito mwenye kichocho atibiwe. Iweje mwingine apewe kidonge kitupu? Ni kweli kwamba wenye upungufu mkubwa wa damu hawakuingizwa katika kura hiyo, na baada ya kujifungua wanawake wote walipewa dawa. Hata hivyo, nadhani jibu hasa limo katika matokeo.

Dhana ile haikusimama. Kumtibu mama minyoo hakukubadilisha jinsi mtoto alivyopokea chanjo ya kifua kikuu, ya pepopunda wala ya surua. Na likatokea jambo ambalo wengi hawakulitarajia: watoto ambao mama zao walimeza albendazole walipata ukurutu wa ngozi kwa kiwango kilichokaribia mara mbili ya wenzao. Inaonekana minyoo, pamoja na ubaya wake wote, huifundisha kinga ya mtoto kutulia. Asiyekutana na somo hilo tumboni, kinga yake hufanya fujo kwa mambo madogo. Bila kundi la kulinganisha, na bila watu wa kuwapima watoto hao tena na tena, nani angeuhusisha ukurutu wa mtoto wa miezi minane na kidonge alichomeza mama kabla hajamzaa?

Ufuatiliaji haukukomea hapo. Kuanzia umri wa miezi 15 watoto wenyewe walipewa albendazole au kidonge kitupu kila baada ya miezi mitatu, mpaka wakatimiza miaka mitano. Walipofika miaka 10 na 11 walipimwa shinikizo la damu. Nasoma tarakimu hizi nikihesabu miaka: waliozaliwa mwanzoni mwa utafiti ni rika langu. Huenda mmoja wao hukaa nami katika ukumbi wa mihadhara, na huenda hadi leo hajui mama yake alipewa kidonge kipi.