ULEVI NA TIBA YAKE, TANGU ZAMA ZA WAZEE HATA LEO



Kila mwaka kurasa hizi za taarifa hutengwa kwa habari za kale, ili vijana wajue walikotoka, na wazee wapate kutusahihisha tulipokosea. Mwaka huu Kamati imetutaka tuandike habari za ulevi. Sababu yake haifichiki. Katika vitabu vyetu vya hesabu, fungu la kusafirisha maiti kwenda nyumbani ndilo kubwa kupita mafungu yote. Na miongoni mwa wale tuliowasindikiza yumo ndugu yetu mmoja, fundi seremala, ambaye hakuuawa na ajali wala na malaria. Alikunywa kila siku kwa miaka mingi. Tulimwita mbele ya Wazee, akatubu, akaapa kuacha siku ile ile. Nduguze wakamfungia chumbani ili asitoke kutafuta chupa. Siku ya tatu akashikwa na kifafa, wala siku ya nne hakuiona. Sisi tulidhani tumemwokoa. Haya tunayoyaandika tumeyatafuta baada ya mazishi yake, na twaona haya kwamba hatukuyatafuta kabla.

Pombe ya Wazee

Wazee wetu hawakuwa watu wasiokunywa. Wagikuyu walikuwa na muratina, pombe ya asali au ya miwa, iliyochachushwa kwa tunda la mti wa mwegea. Wakamba walikuwa na yao ya asali vilevile. Waluhya na Waluo walipika busaa ya nafaka, nayo Waluhya wengi waliinywa wakiuzunguka mtungi mmoja, kila mzee na mrija wake mrefu. Wamijikenda waligema mnazi. Huko Meru palikuwa na miraa, na fungu lake lilipelekwa kwa wazazi wa binti kabla neno la posa halijasemwa.

Vitu hivi vilikuwa na mahali pake. Pombe iliitwa kwenye mahari, kwenye matambiko, kwenye upatanisho wa waliogombana, na kwenye kazi ya kulimiana mashamba. Kwa jumla kijana hakuruhusiwa kuketi penye mtungi mpaka awe ameoa na kupata umri. Tena kulikuwa na kizuizi kingine ambacho hakikutungwa na mtu. Asali ilikuwa haba, nafaka ilihitajiwa kwa chakula, na pombe yenyewe ilichukua siku kadhaa kuiva, nayo ikachacha upesi ikiwekwa. Hatusemi kwamba hapakuwa na walevi. Majina ya kuwadhihaki yamo katika kila lugha yetu. Twasema tu kwamba ilikuwa vigumu mno kwa mtu kununua ulevi asubuhi, peke yake, kwa fedha zake, siku baada ya siku.

Mtungi wa Serikali

Mji ndio uliobadilisha mambo hayo. Kijana alipofika Nairobi kufanya kazi ya mshahara, alikuwa na shilingi mfukoni, wala hakuwa na mzee wa kumkataza. Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na mashauri mawili yasiyopatana. Kwa upande mmoja ilimkataza Mwafrika pombe kali, kama mataifa yalivyoagana katika mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919. Kwa upande wa pili, mnamo miaka ya 1920, Baraza la Mji wa Nairobi lilijitwalia haki ya kuwapikia na kuwauzia Waafrika pombe yao, likafungua kilabu chake huko Pumwani. Mwanamke aliyepika pombe chumbani mwake akawa mhalifu. Faida ya kilabu ikatiwa katika mfuko wa kulipia kazi za ustawi wa Waafrika mjini. Tulifikirini neno hilo sisi tunaojiita chama cha ustawi: jinsi watu walivyozidi kunywa, ndivyo mfuko wa ustawi wao ulivyozidi kujaa.

Mwaka 1922 Kenya Breweries ilianza kutengeneza bia. Mwafrika hakuruhusiwa kuinunua bia ya chupa mpaka baada ya Vita Kuu vya Pili. Kwa hiyo, ilipofunguliwa kwake, wengi waliiona kuwa alama ya heshima na usawa, na kuinywa hadharani kukawa kama kutangaza uhuru. Wakati huo huo pombe kali ya kupikwa kwa siri ilikuwa imekwisha enea. Askari wa Kinubi waliokaa Kibera walikuwa na yao, hata Waingereza wakaipa jina la watu hao. Pombe ya namna hiyo ndiyo tuijuayo leo kwa jina la chang'aa.

Sheria na Sumu

Mwaka 1980 Bunge lilipitisha sheria ya kuikataza chang'aa kabisa. Ikapikwa usiku, mitoni na vichakani, na wapishi wengine wakaanza kuitia vitu vya kuiongezea ukali. Kibaya kuliko vyote ni methanoli, spiriti ya viwandani, ambayo tumbo halitambui tofauti yake na pombe ya kawaida, lakini mwili huigeuza kuwa asidi inayopofusha macho na kuua. Novemba 2000, katika mitaa ya Mukuru mjini Nairobi, watu zaidi ya 130 walikufa kwa pombe iliyoitwa kumi kumi, kwa kuwa bilauri yake iliuzwa shilingi kumi. Mwaka 2005 wakafa wengine zaidi ya 40 katika Machakos. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Kudhibiti Vileo, ambayo wananchi waliipa jina la mbunge aliyeileta, John Mututho. Iliifuta ile ya 1980, ikaruhusu chang'aa ipikwe kwa leseni na kutiwa chupani, na ikaweka saa za kufungua baa. Hata hivyo mwezi wa Februari 2024, katika Kirinyaga, kileo chenye sumu kiliua tena watu zaidi ya 10 katika kijiji kimoja. Sheria ya kwanza ilifunga mlango, ya pili ikaufungua nusu; mlevi mwenyewe alibaki nje katika zote mbili.

Kila Upande na Lake

Ni desturi yetu kunyoosheana vidole. Watu wa bara husema ulevi ni wa Kati. Wa Kati husema unga ni wa Pwani. Wa Pwani husema chang'aa ni ya Magharibi. Uchunguzi wa nchi nzima uliofanywa na NACADA mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya wakazi wenye miaka 15 hadi 65, mmoja katika kila sita alikuwa akitumia kileo, tumbaku au kitu kingine cha kulevya. Hao ni kama milioni 4.7. Wanywaji wa pombe walikuwa milioni 3.2, wa tumbaku milioni 2.3, wa miraa karibu milioni moja, na wa bangi zaidi ya nusu milioni. Kwa pombe, Magharibi ilitangulia, ikafuatwa na Pwani, kisha Kati. Kwa bangi, Nairobi ilikuwa mbele. Hakuna pembe ya nchi iwezayo kuicheka nyingine.

Pwani ina msiba wake wa peke yake. Tangu miaka ya 1980 heroini, ambayo watu wa huko huiita unga, iliingia Mombasa, Malindi na Lamu. Kwanza ilivutwa kwa moshi. Baadaye sindano ikaingia, na pamoja na sindano virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Ya kwamba bahari yetu ni njia yake, ilidhihirika Aprili 2014, manowari ya Australia iitwayo Darwin ilipokamata jahazi lililobeba zaidi ya kilo 1,000 za heroini nje ya pwani ya Kenya.

Jinsi Tiba Ilivyokuja

Kwa muda mrefu mlevi alikuwa na nyumba mbili tu za kupelekwa: gereza na kaburi. Nyumba ya wenye wazimu ilifunguliwa Nairobi mwaka 1910, mahali palipokuwa kambi ya wagonjwa wa ndui, nayo mwaka 1924 ikaitwa Hospitali ya Mathari. Jina hilo likawa tusi, hata familia zikaogopa kulitaja. Lakini hospitali hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza katika Kenya, Desemba 2014, kuanza kuwatibu waraibu wa heroini kwa methadoni. Tanzania ilitutangulia, kwa kuwa Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza Februari 2011. Mwaka 2015 tiba hiyo ikafika Malindi na Mombasa. Mgonjwa huja kila siku, hunywa dawa mbele ya mwuguzi, na yale maumivu yaitwayo arosto humwacha, akapata nafasi ya kufanya kazi na kulala usingizi. Wengine husema huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Twajibu kwamba mtu anayekunywa dawa iliyopimwa, asiyeiba wala kujidunga sindano ya mwenziwe, amekwisha rudi nusu ya njia.

Sasa twarudi kwa fundi wetu. Tumefundishwa na waganga wa hospitali neno ambalo lapasa kila mwanachama alishike. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku, mwili wake umekwisha jipanga juu ya pombe. Akiikatiwa ghafla, huanza kutetemeka mikono na kutoka jasho kabla siku moja haijapita. Katika siku mbili za kwanza aweza kushikwa na kifafa. Na kati ya siku ya pili na ya nne aweza kuchanganyikiwa, akaona visivyokuwapo, moyo ukaenda mbio, akafa. Hospitalini hali hii yatibika kwa dawa za kutuliza na vitamini B1. Chumbani penye kufuli haitibiki. Ndugu yetu alitimiza kiapo chake. Sisi ndio tuliokosa kumpeleka kwa daktari.

Mraibu wa heroini naye ana hatari yake. Arosto humtesa sana, lakini kwa kawaida haimwui. Kifo humngojea baadaye, atokapo gerezani au kituoni baada ya majuma kadhaa, akarudia kipimo kile kile cha zamani ambacho mwili hauwezi tena kukichukua.

Njia ya Kufuata

Kwanza, mgonjwa apelekwe hospitali ya serikali iliyo karibu, aangaliwe na daktari kabla ya kuacha. Pili, asiyejua pa kuanzia apige simu nambari 1192 ya NACADA, ambayo haitozwi malipo. Mamlaka hiyo ilianza mwaka 2001, ikapewa sheria yake mwaka 2012, na ndiyo yenye orodha ya vituo vilivyokubaliwa. Inacho pia kituo cha tiba huko Miritini, Mombasa. Tatu, kabla ya kulipa katika kituo cha mtu binafsi, ulizeni: Leseni iko wapi? Daktari huja siku gani? Gharama yote ni kiasi gani, nayo imeandikwa? Je, ndugu wanaruhusiwa kumwona mgonjwa? Mahali penye kupiga watu au kuwafunga minyororo, mtoeni mtu wenu siku hiyo hiyo. Nne, ulizeni kama kituo kinapokea malipo ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Tano, tiba haimaliziki siku ya kutoka kituoni. Mtu akirudi chumba kile kile, na marafiki wale wale, bila kazi, huanguka tena. Kuanguka huko kusihesabiwe kuwa uongo wa moyo wake. Ugonjwa wa kifua pia hurudi, wala hatumtukani mgonjwa.

Ombi Letu

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi katika Chama tumekuwa hodari wa kumficha mlevi akiwa hai, na hodari zaidi wa kumchangia akiisha kufa. Kwa maiti mchango hupatikana kwa usiku mmoja. Kwa mgonjwa, mkewe huzunguka mitaani mwezi mzima akiomba nauli.

Kwa hiyo tunauleta ushauri huu mbele ya Mkutano Mkuu: katika kila mchango wa mwezi, sehemu ya fungu la mazishi itengwe kuwa fungu la tiba, wateuliwe watu wawili, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, ambao mwanachama au mkewe aweza kuwaendea bila kutangazwa, na kuanzia sasa Wazee wasimwapishe mtu yeyote kuacha pombe kabla hajaonwa na daktari.

Zamani Wazee ndio waliokuwa walinzi wa mtungi. Mji uliwanyang'anya ulinzi huo, nao hautarudi kama ulivyokuwa. Lakini kumshika mtu mkono na kuketi naye penye benchi ya hospitali mpaka jina lake liitwe, hilo mji haukulichukua. Mke wa marehemu fundi atakuwako mkutanoni. Tafadhali tumpe jibu.