Udi Ulivuka Bahari, Gitaa Likabaki

Ndugu msomaji, habari hii ilianzia barazani, si maktabani. Jioni moja nilikuwa nimekaa na gitaa la kuazima, nyuzi mbili zimeshachoka, najaribu ule mteremko wa Kihispania ambao kila anayejifunza gitaa huukimbilia: la, sol, fa, halafu unatua kwenye mi. Akapita mzee mmoja wa mtaani kwetu ambaye ujanani alipiga udi katika kikundi cha taarab. Nikamwamkia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Hicho unachokipiga unakijua chimbuko lake? Hilo gitaa ni mtoto wa udi. Waarabu walilipeleka kwa Wahispania, na flamenko yao yote ni mali ya Waarabu."

Nilifurahi kupita kiasi. Unajua kwa nini? Nilikuwa na riwaya ndani ya daftari, sura mbili tayari. Shujaa wangu alikuwa mpiga gitaa wa Granada, mwaka 1492, anapiga flamenko ndani ya kasri la Alhambra usiku wa mwisho wa utawala wa Kiislamu, machozi yanamtiririka. Maneno ya mzee yakawa kama muhuri. Nikasema ngoja nisome kidogo nipate majina na tarehe za kupambia. Basi, bwana, nilipoanza kusoma, sura zangu zote mbili zikafa.

Tuanze na lile ambalo mzee alipatia. Mwaka 711 jeshi la Tariq ibn Ziyad lilivuka mlango wa bahari kutoka Afrika ya Kaskazini. Pale penye upana mdogo pana kilomita 14 hivi tu, na jina Gibraltar mpaka leo ni Jabal Tariq, mlima wa Tariq. Nchi waliyoishika ikaitwa al-Andalus. Mwaka 822 alifika Córdoba mwanamuziki kutoka Baghdad, Ali ibn Nafi, ambaye watu walimwita Ziryab. Amiri Abd al-Rahman wa Pili akampokea kwa heshima kubwa. Wanahistoria wa Kiarabu walisimulia kwamba Ziryab aliongeza uzi wa tano kwenye udi, akaacha kupigia kijiti cha mbao na kutumia unyoya wa tai, akafungua na chuo cha kufundisha uimbaji. Masimulizi hayo yaliandikwa baadaye sana, na bila shaka yametiwa chumvi, lakini kwamba Córdoba iligeuka mji mkubwa wa muziki, hilo halina ubishi.

Udi wenyewe uliacha jina lake katika lugha za Ulaya. Kinanda ambacho Wahispania walikiita laúd, Waitaliano liuto na Wafaransa luth, ni al-ud yule yule aliyevaa kanzu ya kigeni. Na neno gitaa? Hilo ni la safari ndefu zaidi. Wayunani walikuwa na kithara, Waarabu wakasema qithara, Wahispania guitarra.

Lakini jina kufanana sio damu kufanana. Hapa ndipo mzee aliponipoteza. Katika karne ya 14 padri mmoja wa Hispania, Juan Ruiz, aliandika shairi refu liitwalo Libro de buen amor. Ndani yake anataja ala nyingi, na kati ya hizo kuna gitaa mbili: moja la Kimori, yaani la Waislamu, na jingine la Kilatini. Mbili, ndugu msomaji, katika shairi moja! Maana yake ni kwamba watu wa zama hizo walizisikia zote na wakazitofautisha. Gitaa la leo, lenye kiuno na mgongo bapa, linafanana zaidi na lile la Kilatini kuliko udi wenye tumbo la nusu boga. Lilikua polepole kwa karne nyingi, na umbo tulijualo sasa lilikamilishwa na fundi Antonio de Torres, mzaliwa wa Almería, aliyeishi kati ya 1817 na 1892. Kwa hiyo gitaa sio mtoto wa udi. Labda tuseme walikuwa majirani waliolelewa mtaa mmoja, wakaazimana nguo.

Mtaa ule ulivunjwa kwa nguvu. Córdoba ilianguka 1236, Sevilla 1248. Tarehe 2 Januari 1492 mtawala wa mwisho wa Granada, Abu Abdullah, alikabidhi funguo kwa Fernando na Isabel. Mwaka huo huo Wayahudi waliamriwa wabatizwe au waondoke. Waislamu waliahidiwa kuachiwa dini yao, lakini ahadi ile haikufika mbali: mwaka 1502 nao waliambiwa wachague ubatizo au safari. Waliobatizwa wakaitwa Wamorisko, na hata hao hawakuachwa wapumue. Mwaka 1567 mfalme Felipe wa Pili alipiga marufuku lugha ya Kiarabu, mavazi yao, hata ngoma zao za zambra. Hebu fikiri! Watu wanaotafuta kuua kabila huanza na lugha na ngoma. Wamorisko wakaasi milimani Alpujarras kuanzia 1568 hadi 1571, wakashindwa. Kati ya 1609 na 1614 wakafukuzwa Hispania nzima, watu wapatao laki tatu.

Hivyo udi ulivuka bahari, ukarudi upande wa Afrika. Wakimbizi walikuwa wameanza kuhama tangu zamani, kila mji ulipoanguka. Watu wa Granada waliujenga upya mji wa Tetouan, Moroko. Wengine walikwenda Fes, Tlemcen, Tunis. Nyimbo zao zikahifadhiwa katika mafungu marefu yaitwayo nuba. Moroko zimebaki nuba 11, na kuelekea mwisho wa karne ya 18 bwana mmoja wa Tetouan, al-Haik, alikusanya maneno ya nyimbo hizo katika daftari moja ambalo waimbaji wanalitegemea hadi leo. Muziki wa nchi iliyopotea, unapigwa na watu ambao hawajaiona nchi hiyo kwa karne nyingi.

Na flamenko je? Hapo ndipo riwaya yangu ilipopigwa ngumi. Flamenko tunayoijua ilianza kuonekana mwishoni mwa karne ya 18 na kukomaa katika karne ya 19. Kati ya Mmorisko wa mwisho kupandishwa merikebuni na flamenko kuanza kutajwa kuna zaidi ya miaka mia moja na nusu. Shujaa wangu wa 1492 alikuwa anapiga muziki ambao haujazaliwa, kwa gitaa ambalo halijachongwa!

Walioikuza flamenko zaidi ni Majipsi, ambao Wahispania huwaita Gitanos. Wazee wao walitoka India, wakaingia Hispania mwaka 1425. Nao walikiona cha mtema kuni. Mwaka 1499 ilitoka amri ya kuwataka waache kuhamahama au wafukuzwe. Usiku wa tarehe 30 Julai 1749 serikali iliwakamata kwa maelfu nchi nzima kwa mpigo, wanaume mbali na wake zao, wengi wakapelekwa kwenye kazi za sulubu katika karakana za majeshi ya majini. Katika vitongoji vya maskini vya Andalusia, Majipsi na Waandalusia makabwela waliishi pamoja, wakachanganya walichokuwa nacho. Huenda mabaki ya sauti za Wamorisko yalikuwemo. Lakini kusema flamenko ni muziki wa Kiarabu tu ni kuwafuta Majipsi mara ya pili.

Hata wasomi walinaswa na utamu huu. Blas Infante, mtetezi mkubwa wa Andalusia ambaye aliuawa kwa risasi mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, alidai neno flamenko limetokana na maneno ya Kiarabu yenye maana ya mkulima mfukuzwa. Dai linapendeza mno. Ushahidi hamna. Mwaka 1922 mtunzi Manuel de Falla na mshairi Federico García Lorca waliandaa mashindano ya uimbaji huu huko Granada, ndani ya Alhambra kwenyewe. Waliogopa kwamba nyimbo za kale zinakufa. Nao waliitazama Mashariki kama chimbuko, lakini Falla alikuwa mwangalifu: alitaja pia nyimbo za kanisa la kale na kuja kwa Majipsi.

Basi wale waliovuka mlango wa bahari kurudiana ni akina nani? Mwaka 1983 mshairi José Heredia Maya, yeye mwenyewe Jipsi na mwalimu wa chuo kikuu Granada, alitunga mchezo wa jukwaani Macama jonda. Alikutanisha wanaflamenko na okestra ya Tetouan iliyoongozwa na Abdessadeq Chekara. Miaka miwili baadaye, 1985, mwimbaji Juan Peña, maarufu El Lebrijano, alitoa sahani ya Encuentros, maana yake makutano, pamoja na Okestra ya Kiandalusi ya Tangier. Ona walivyopangana: upande mmoja wajukuu wa Majipsi waliokamatwa, upande mwingine warithi wa muziki wa waliofukuzwa. Sio bure kwamba Lebrijano alikuwa ameshatoa sahani ya Persecución mwaka 1976, inayohusu mateso ya Majipsi, na Heredia Maya mwaka huo huo alikuwa na mchezo wake juu ya mambo hayo hayo. Walikutana kwa sababu wote walijua kufukuzwa ni nini.

Lakini huruma peke yake haipigi muziki. Hapa wanamuziki wenzangu mnielewe. Shingo ya udi ni laini, haina vijichuma, kwa hiyo kidole kinaweza kutua popote, hata kwenye robo ya sauti. Gitaa limepigiliwa vijichuma vyake, kila nusu ya sauti na nyumba yake. Mpiga udi wa Cairo akianza maqamu ya Rast au Bayati, gitaa linabaki nje ya mlango, maana nyumba ya ile sauti halina. Pili, muziki wa Kiarabu ni uzi mmoja wa sauti ambao kila ala inautarizi kwa namna yake, wakati gitaa linapenda kuporomosha sauti sita kwa pamoja. Mpiga gitaa asiyejizuia anamfunika mwenzake kama bati.

Sasa walipatana wapi? Kwanza kwenye maqamu ya Hijaz. Chukua mi, fa, sol iliyopandishwa nusu, kisha la. Mwarabu atasikia Hijaz, mwanaflamenko atasikia kwao. Mpiga udi hupenda kuzilegeza zile sauti mbili za katikati kidogo, gitaa haliwezi, lakini wanaelewana. Pili, okestra za Moroko za muziki wa Kiandalusi kwa kawaida hazitumii robo za sauti kama Cairo. Ndiyo maana ndoa ilifungwa Tetouan na Tangier. Tatu ni mapigo. Flamenko ina duru za mapigo 12, kama vile bulería, na Moroko imejaa mapigo ya sita sita. Sita mara mbili si kumi na mbili? Kila mmoja anakazia mahali pake, na ule mgongano ndio unaofanya mtu asikae kitini.

Nakumbusha pia kwamba sisi wa pwani hatupo mbali na habari hii. Neno taarab limetokana na tarab ya Kiarabu, ile hali ya kuchukuliwa na muziki hadi ujisahau. Wanaflamenko wana neno lao, duende, kwa hali inayokaribiana nayo. Inasimuliwa kwamba Sultan Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza muziki. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa. Kisha Siti binti Saad akaimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi sahani. Udi wa Waarabu, ngoma zetu, masikio ya Kihindi, yote katika chungu kimoja. Mbona hatusemi taarab ni mali ya Misri?

Nilirudi kwa mzee nikamweleza niliyoyasoma, kwa adabu, maana mkubwa hakosolewi hadharani. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kwa hiyo hawakuibiana?"

"Waliibiwa wote wawili, babu. Kila mmoja kwa zamu yake."

Akaagiza udi wake uletwe kutoka ndani. Mimi nikashika mi, fa, sol ya kupanda, la. Naye akaingia na Hijaz. Nilipotaka kuporomosha nyuzi zote sita akanitolea macho, nikapunguza.

Ndugu zangu mnaotaka kuandika, ninyi mnaojaza madaftari usiku kama mimi, uongo mtamu ni mwepesi kuandika kuliko ukweli wenye makovu. Sura zangu mbili nimezichana. Riwaya inaanza upya, haimo Alhambra tena. Inaanza bandarini, mwaka 1609, na mwanamke anayeamua kama ataacha godoro au udi, maana merikebu haina nafasi ya vyote. Sijui bado atachagua nini. Nikijua nitawaambieni.