Tarehe ya Mshipi: Watoto na Wazee wa Uvuvi Pwani

Uvuvi wa mshipi ni kazi kongwe katika mwambao wa Afrika Mashariki, na kwa watoto wengi wa pwani ndiyo iliyowatia baharini. Periplus ya Bahari ya Eritrea, kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, kinataja vyombo vya kushonwa na mitumbwi ya gogo moja iliyotumiwa kuvulia kisiwani Menuthias. Wataalamu hawajakubaliana kama kisiwa hicho ni Pemba, Unguja au Mafia. Kitabu hicho kinaeleza pia vikapu vilivyotegwa kwenye mapito ya maji kati ya miamba. Msomaji wa pwani atatambua hapo dema, au lema kama waitavyo watu wa kaskazini, ambalo hutegwa hadi leo.

Kazi hii haikufundishwa chuoni. Mtoto alianzia miambani maji yakipwa, akiokota chaza na kumchokoa pweza kwa fimbo. Baadaye alipewa pima chache za uzi, ndoana moja na kipande cha risasi kiwe chubwi, akakaa ukingoni mwa gati kuvua changu na chewa wadogo. Chambo kilikuwa ngisi au dagaa aliyeombwa sokoni. Siku alipoingia nyumbani na kitoweo alichokivua mwenyewe, mama akakipokea na kukitia chunguni, alijiona mtu mzima, na furaha hiyo ndiyo iliyomrudisha majini kesho yake.

Waliowavutia zaidi watoto ni wazee wa ngalawa. Chombo kikirejea, watoto walikimbilia majini, "Shikamoo babu" ikitangulia, wakasaidia kukivuta hadi mchangani na kila mmoja akapata samaki wake. Aliyeonekana msikivu huenda siku moja akaitwa kupanda. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufua maji. Mshipi ulikuja baadaye.

Hapo ndipo elimu yenyewe ilipokuwa. Mzee aliulaza uzi juu ya kidole cha shahada akanyamaza. Changu hudonoa harakaharaka, na anayevuta papo hapo hutoa ndoana tupu. Chewa huvuta kwa uzito kisha hukimbilia pangoni, kwa hiyo asipozuiwa mara moja uzi hukatikia kwenye jiwe. Mtoto aliwekewa kidole chake kando ya cha mzee ili ahisi tofauti hiyo, maana kwa maneno haielezeki. Alijifunza pia bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu yanayofuata. Aliijua kaskazi na kusi, na siku za kutotoka kabisa. Mwamba uliozama ulitafutwa kwa alama za nchi kavu: mnara wa msikiti ukikaa sawa na mnazi fulani upande mmoja, na kilima kikikaa sawa na rasi upande wa pili, nanga ilishushwa hapo.

Nailoni ilipoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia iliondoa nyuzi za pamba, ila mafunzo hayakubadilika. Pigo kubwa lilikuwa baruti. Tanzania iliipiga marufuku mwaka 1970, lakini iliendelea kutumika kwa miongo mingi ikivunja matumbawe ambamo samaki wachanga hukulia. Anayelipua hahitaji kujua chochote kati ya yale ambayo mzee alitumia miaka kumfundisha mtoto.

Uhifadhi ulianza mapema Kenya, ambako hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968. Unguja, kisiwa cha Chumbe kilihifadhiwa mwaka 1994, na wavuvi wa vijiji vya jirani wakafunzwa kuwa walinzi wake. Wanafunzi wa shule hupelekwa huko kuyaona matumbawe, na miongoni mwa wanaowaongoza ni watu waliowahi kuishi kwa mshipi. Alama na majina ya miamba waliyorithi wavuvi hao mara nyingi hayamo katika ramani. Yafaa yaandikwe wakati wenyewe wangali hai.