Mbona Mungu Hakumshika Mkono?



Juzi baada ya ibada mama mmoja alinisubiri mlangoni. Mwanawe alidungwa kisu kwa sababu ya simu, karibu kabisa na nyumbani. Hakulia. Aliniuliza tu, "Pasta, Mungu alikuwa anaona. Mbona hakumshika yule kijana mkono?"

Kwenye mazishi watu walimwambia ni mapenzi ya Mungu. Hata mimi nilisema hivyo. Leo nataka kumjibu vizuri zaidi, na nitaanzia hapa hapa mitaani kwetu.

Tarehe 24 Aprili 1954, alfajiri, askari na polisi zaidi ya 20,000 waliuzingira mji wa Nairobi. Serikali ya kikoloni iliiita Operesheni Anvil, na lengo lilikuwa kuwang'oa Mau Mau mjini. Hapa Eastlands, watu walitolewa nyumbani na kupakiwa kwenye malori hadi Lang'ata kuchujwa. Waliolengwa walikuwa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Zaidi ya 20,000 waliishia kizuizini bila kesi, wengi wao Manyani na Mackinnon Road.

Katika kuchujwa, ulipitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia, macho tu ndiyo yanaonekana. Watu walimwita gakunia. Akitikisa kichwa, umekwisha. Huenda alikuwa jirani yako. Huenda mlikula pamoja wiki iliyopita. Mungu aliyaona yale macho ndani ya gunia, na hakukizuia kile kichwa kutikisika.

Lakini mpendwa, angalia upande wa pili. Miaka hiyo hiyo walikuwepo ndugu wa Uamsho, ule moto ulioanzia Rwanda ukafika Kenya mwaka 1937. Wengi wao walikataa kula kiapo cha Mau Mau, wakisema damu ya Yesu inawatosha. Wengi hao hao walikataa pia kubeba bunduki za serikali, wakisema hawawezi kumuua mtu ambaye Kristo alimfia. Walichukiwa na pande zote mbili, na wengine waliuawa.

Swali langu ni hili: kama Mungu angeondoa uwezo wa kusema "ndiyo" ndani ya gunia, ule wa kusema "hapana" mbele ya kifo ungetoka wapi? Uhuru ni ule ule. Anayeweza kupenda kweli anaweza pia kusaliti. Ndiyo maana katika Kumbukumbu la Torati 30 Mungu anaweka uzima na mauti mbele ya watu, kisha anawasihi wachague uzima. Anasihi. Halazimishi.

Kwa hiyo tuache kuwaambia waliofiwa kwamba kisu kilikuwa mapenzi ya Mungu. Kuruhusu si kupenda. Mungu aliyesema usiue hakumtuma yule kijana.

Na uhuru una hesabu yake. Mwaka 2013, karibu miaka 60 baadaye, serikali ya Uingereza ilieleza majuto kwa mateso ya wakati ule na kukubali kuwalipa Wakenya 5,228. Wengi walikuwa wameshakufa. Haki ya wanadamu huchelewa, lakini kiti cha hukumu cha Kristo hakimkosi mtu.

Mama, najua maelezo hayamrudishi mtoto. Ila kumbuka Gethsemane. Yesu naye alionyeshwa kwa askari na mtu aliyekula naye. Yuda hakuwa na gunia, alitumia busu. Bwana angeweza kuyazuia yale midomo, na hakuzuia. Aliubeba uhuru wetu mbaya mwilini mwake hadi msalabani. Mungu unayemuuliza swali hili naye alimwona Mwanawe akiuawa.

Usiku ule Petro pia alimkana, lakini alichagua kurudi. Mlango huo bado uko wazi, hata kwa kijana aliyeshika kisu. Kumwombea si kumficha: anayejua kitu aende aandikishe taarifa kwa polisi. Na tusimsukume mama asamehe haraka. Msamaha wake nao ni hiari.

Wewe unayesoma hii kwenye matatu ya Jogoo Road, leo utaulizwa jambo na kichwa chako kitatikisika, ndiyo au hapana. Chagua uzima.

Baba, tufundishe kuutumia uhuru uliotupa, na umshike mama huyu usiku huu. Katika jina la Yesu. Andika Amina.