Mbao za Gitaa la Umeme

Bodi ya gitaa la umeme ni kiunzi kigumu, aghalabu cha mbao, kinachobeba nyuzi, shingo na vipokezi vya sumaku ambavyo wapigaji huviita pikapu. Kampuni ya Fender ilipoanza kuuza magitaa yasiyo na uwazi ndani mwaka 1950 ilitumia zaidi ashi, baadaye alda. Gibson ikaja na mahogani mwaka 1952. Tangu hapo kila mti umepewa mlio wake, huu mkali, ule mzito. Madai hayo hayana mashiko. Mbao za gitaa hili zipimwe kwa uzito, uthabiti na namna zinavyochongeka.

Ala za uwanda wa kati wa Tanzania zinaonyesha tofauti ilipo. Katika ilimba ya Wagogo, aliyoitangaza duniani mwanamuziki Hukwe Zawose (aliyefariki mwaka 2003), vichuma hutikisa sanduku la mti lililochimbwa ndani, nalo ndilo linalosukuma hewa. Mti ukibadilika, sauti inabadilika. Katika gitaa la umeme, pikapu husoma mtikisiko wa uzi wa chuma ndani ya uga wa sumaku, na mbao hazina sumaku. Kampuni ya Rickenbacker ilitoa gitaa la umeme la alumini mwaka 1932, nalo liliimba vizuri. Mwaka 2021 mpigaji Jim Lill alifunga nyuzi kati ya meza mbili, bila bodi yoyote, akapata mlio uliokaribia sana ule wa gitaa kamili.

Wanaopinga husema mbao hunyonya nguvu ya uzi, na baadhi ya noti hufifia mapema. Ni kweli, hasa kwenye shingo. Lakini vipande viwili vya mti uleule huweza kupishana sana kwa uzito na ugumu, kwa hiyo jina la mti halitabiri mlio. Zaidi ya hayo, kugeuza skrubu ya pikapu ili isogee karibu na uzi hubadili sauti waziwazi.

Kwa fundi wa Dodoma, swali zito ni ukavu. Mji uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua ni za msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili. Mbao zilizokaushwa pwani huendelea kupoteza maji zikifika huku: bodi husinyaa, shingo hupinda. Mninga husinyaa kidogo sana, na hapo ndipo ubora wake ulipo. Kasoro yake ni uzito: takriban kilo 640 kwa mita ya ujazo, dhidi ya 450 za alda, hivyo bodi yake ichongwe nyembamba. Mpingo, unaozama majini, ufae ubao wa vidole tu.

Uzito huo uzingatiwe hata katika picha: anayepiga picha za mkusanyo wa magitaa ili kulinganisha mbao asidanganywe na rangi. Afungue skrubu za shingo, zikiwepo. Katika kishimo chake mara nyingi mbao huonekana tupu, bila vanishi. Apige kivulini, kwa kuwa jua la mchana huacha doa jeupe kwenye vanishi, aweke kadi ya kijivu pembeni, na kamera isibadili umbali wala urefu. Kila picha iandikiwe uzito wa gitaa. Picha isiyo na kipimo hicho huonyesha urembo wa mbao tu.