Jiko la moshi la stima likiharibika, anzia pale palipounganishwa

Asubuhi moja hapa Mwembe Tayari, kijana muuza kuku alishika mlango wa jiko la moshi kwa mkono uliolowa maji. Stima ikamrusha nyuma hadi kwenye ndoo. Alhamdulillahi, aliinuka mzima. Jambo la kutisha ni kwamba jiko lile lilikuwa likifanya kazi vizuri wiki nzima. Kuku walitoka wekundu, wateja wakasifu, na hakuna aliyeshuku kwamba bati lote limeshika stima.

Jiko la aina hii ni kabati la chuma lenye koili chini, sinia ya vumbi la mbao juu ya koili, na vyuma vya kupangia nyama, kuku au samaki. Mengine yameletwa kutoka nje yakiwa kuukuu, mengine yamechongwa na mafundi wa jua kali kutokana na oveni za zamani. Mengi yameongezwa kitu: koili kubwa zaidi, kidhibiti joto cha dijitali, feni, waya mrefu. Na jiko lililoongezwa kitu huharibika zaidi pale kipya kilipokutana na cha zamani. Kwa hiyo kabla hujakimbilia kununua koili nyingine, kagua viungo.

Kabla ya kufungua

Chomoa plagi kabisa, kuzima swichi hakutoshi. Subiri jiko lipoe. Kausha mikono na sakafu, vaa viatu vya mpira. Kama hujui kutumia mita ya fundi, mwite fundi wa umeme, nawe soma makala haya ili ujue cha kumuuliza.

Jiko halipati moto

Anza na plagi, uangalie fyuzi yake. Kisha fuata waya hadi kwenye ncha za koili. Hapo ndipo penye ugonjwa wa kawaida wa majiko haya: kile kibati kidogo kinachochomekwa kwenye ncha ya koili hulegea na kushika kutu kwa hewa yetu ya chumvi, kisha huchemka na kuungua. Ukikuta kimegeuka rangi nyeusi au buluu, usikikaze tu. Kata waya hadi sehemu safi, weka kibati kipya cha kustahimili joto, ukibane kwa koleo lake. Usichomelee kwa risasi, kwani risasi ya kawaida ya fundi wa redio huyeyuka kwenye nyuzi 183 hivi, na ncha ya koili yaweza kupita hapo. Waya wa karibu na koili uwe wa silikoni au wa nyuzi za kioo. Waya wa plastiki wa nyumbani umetengenezwa kwa nyuzi 70 tu.

Ikiwa viungo ni safi, tenganisha koili na upime ukinzani wake. Hesabu ni rahisi: volti mara volti, gawanya kwa wati. Stima yetu ni volti 240, kwa hiyo koili ya wati 2,000 isome karibu omu 28.8, na ya wati 1,500 isome karibu 38.4. Isiposoma kitu, imekatika.

Jiko linaunguza kila kitu

Hapa kuna mitego miwili. Wa kwanza ni jiko lililotoka Marekani. Koili ya huko imetengenezwa kwa volti 120. Ukiipa volti 240, nguvu yake haiongezeki mara mbili, huongezeka mara nne. Koili ya wati 800 itavuta wati 3,200, yaani zaidi ya ampea 13. Fyuzi ya plagi haitakatika papo hapo, bali jiko litaunguza nyama, kisha waya, kisha koili yenyewe. Soma kibandiko nyuma ya jiko. Kikisema 120, badilisha koili au tumia transfoma yenye uwezo wa kutosha.

Mtego wa pili ni kidhibiti cha dijitali cha bei rahisi kama STC-1000, ambacho wafugaji wengi hukitumia kwenye mashine za kutotoa vifaranga. Swichi yake ya ndani imeandikwa ampea 10. Koili ya wati 2,000 huvuta ampea 8.3. Ikifanya kazi karibu na ukomo kila siku, mwisho vidole vya swichi hugandana, na kidhibiti kitaonyesha kimezima huku koili inaendelea kuwaka. Ili kuhakikisha, chomoa plagi, toa waya kwenye tundu za kutokea za kidhibiti, kisha upime kati yake. Ukisoma sifuri, swichi imeganda. Dawa ni kuweka kontakta: kidhibiti kiiwashe kontakta, nayo ndiyo ibebe mzigo wa koili. Ongeza na kikata joto cha pekee, ili kimoja kikifeli kingine kizime.

Kumbuka pia kwamba kidhibiti hicho hupima hadi nyuzi 99 tu. Kwa jiko la joto zaidi ya hapo, hakifai.

Joto linalosomwa si la kweli

Masizi na mafuta hujenga ganda juu ya kipimajoto, kikawa kinachelewa kuhisi. Kifute kwa kitambaa cha maji ya moto na sabuni, kisha kijaribu kwenye glasi ya barafu iliyoanza kuyeyuka, ambapo kinapaswa kusoma karibu na 0. Kipimajoto cha kuchoma ndani ya nyama kijaribu pia kwenye maji yanayochemka. Hapa Mombasa, tukiwa usawa wa bahari, kisome karibu 100. Ndugu zetu wa Nairobi watapata kama 94 kwa sababu ya mwinuko wao.

Jiko linapiga shoti au linakata stima ya nyumba

Hili ndilo lililomkuta yule kijana. Ndani ya bomba la koili kuna unga mweupe unaotenga stima na chuma. Jiko likikaa siku nyingi bila kazi, unga ule hunyonya unyevu, na stima huanza kuvujia kwenye kabati. Mita ya kawaida yaweza kusema hakuna tatizo. Fundi atumie mega ya volti 500 kati ya ncha ya koili na bomba lake. Ikisoma chini ya megaomu 1, usiwashe. Koili yaweza kutolewa na kukaushwa ndani ya oveni kwa saa kadhaa, kwenye nyuzi 120 hadi 150, kisha ipimwe tena. Ikishindwa, itupe.

Lakini koili inayovuja isingemrusha mtu kama waya wa ethi ungekuwepo. Jiko lile lilipoongezewa waya mrefu, aliyeunganisha alitumia waya wa nyuzi mbili, na ethi ikaachwa nje. Hakikisha waya wa kijani na manjano umefungwa kwa skrubu kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, na pima kati ya pini ndefu ya plagi na mlango wa jiko: isizidi omu 1. Kisha fundi athibitishe kwamba soketi yenyewe ina ethi. Na nyumbani au kibandani weka kile kikata stima cha miliampea 30, kinachozima pindi stima inapovuja.

Moshi hautoki, au unatoka mchungu

Fikiria chetezo. Udi ukikaa juu ya kaa lililotulia hunukia. Moto ukishika mwali, udi huungua na kunuka. Jiko la moshi ni vivyo hivyo. Sinia ikiwa mbali na koili, mbao hazitoi moshi. Ikiwa karibu mno, zinashika mwali. Moshi mweupe mzito maana yake hewa haipiti: zibua tundu za chini na dohani, ukwangue masizi yote.

Tumia mbao kavu za mwembe, au vifuu na makumbi ya nazi. Mbao za rangi, plaiwudi na nguzo zilizotiwa dawa, hapana. Mjini kwetu penye bandari mbao za paleti ni nyingi, na ndizo za kuogopa. Ukiona muhuri wa MB, zimefukizwa methyl bromide, sumu ya wadudu. Wa HT zilitibiwa kwa joto, lakini hujui zilimwagikiwa nini safarini.

Jaribu kabla ya kuuza

Washa jiko tupu kwa saa nzima, ulinganishe kidhibiti na kipimajoto kingine. Kisha chomoa, liache lipoe kidogo, na ukague viungo: kilichogeuka rangi kimelegea. Nyama ya kwanza isiwe ya mteja.

Na rangi isikudanganye. Moshi humpaka kuku wekundu kabla hajaiva. Paja lake, sehemu nene pasipo mfupa, lifike nyuzi 74. Stima ikipotea katikati na kuku akabaki vuguvugu kwa saa nyingi, chini ya nyuzi 60, kumrudisha jikoni si dawa, kwa sababu sumu za baadhi ya vijidudu haziondoki kwa moto. Mtupe.

Hasara hiyo inauma, najua. Lakini mteja anayenunua kwako magharibi kwenda kuwafuturisha wanawe hakukagua waya wala kipimajoto. Amekuachia wewe amana hiyo.