Wiki Mbili Kabla ya Vumbi

Juni 2021 Naivasha haikulala. Safari Rally ilikuwa imerejea katika mashindano ya dunia baada ya miaka 19, na kuanzia tarehe 24 hadi 27 magari yaliuchapa udongo wa Kedong na Soysambu mpaka waliokwenda kuyatazama wakarudi nyumbani weupe kwa vumbi kama waliotoka kusaga unga.

Wiki mbili kabla ya hapo, tarehe 12, timu ya taifa ya kriketi ya wanawake iliishinda Namibia jijini Kigali katika fainali ya Kwibuka, mashindano yanayochezwa Rwanda tangu 2014 kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari ya 1994. Kombe likaja Kenya. Hapa mjini sikusikia akilitaja mtu.

Nami siwalaumu watu wa Naivasha. Katika bonde hili kriketi ilikwenda pale penye nyasi za klabu au za shule ya walowezi: Nakuru kulikuwa na uwanja, Gilgil kukawa na Pembroke House tangu 1927. Kwetu ardhi ilimezwa na ng'ombe, kisha waridi. Msichana wa Karagita, mtaa wa hapa Naivasha, huijua netiboli miaka mingi kabla hajashika gongo la kriketi, kama atalishika kabisa.

Timu yenyewe ni changa. Mechi zake za kwanza za kimataifa ilicheza Januari 2006, na Desemba mwaka huohuo Nairobi ikazipokea Uganda, Tanzania na Zimbabwe kuwania njia ya Kombe la Dunia la 2009. Zimbabwe ikapita. Wakati huo wanaume wa Kenya walikuwa wameshafika nusu fainali ya Kombe la Dunia, 2003, na sifa zote zilikuwa zao. Ajabu ni kwamba duniani wanawake ndio waliotangulia: Kombe lao la kwanza lilichezwa Uingereza 1973, la wanaume likafuata 1975.

Kilichoibeba timu ni ukoo zaidi ya bajeti. Mtazame Margaret Ngoche, aliyekuwa nahodha. Kaka zake wanne, Lameck Onyango, Nehemiah Odhiambo, James na Shem Ngoche, wote wameichezea timu ya wanaume ya Kenya, na dada yake Mary Bele ile ya wanawake. Nyumba moja, timu mbili za taifa!

Mwaka 2018 Baraza la Kriketi la Kimataifa liliamua kwamba mechi za ova 20 kati ya timu za wanawake za nchi wanachama zihesabiwe rasmi. Ndipo mikimbio na wiketi za kina Ngoche zikaanza kuingia kwenye vitabu; zile za miaka kumi na miwili ya nyuma zikabaki kwa waliokuwepo.

Januari 2022 wanawake hao wakapanda ndege hadi Kuala Lumpur kugombea nafasi moja iliyosalia ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Sri Lanka ikaichukua. Juni, magari yakarudi Naivasha.